Kutoka Porta Pia hadi Fizi: Tukijiandaa kwa Hija ya Roma



Tangu Papa Fransisko alipotangaza, tarehe 9 Mei 2024, Jubilei ya mwaka 2025, habari ya safari ya Roma imejadiliwa katika mikutano yetu kuliko jambo lingine lolote. Wako wanaoomba chama kichange fedha na kutuma wajumbe wawili au watatu. Wako pia wanaouliza kama ni haki kutumia mali ya wajane na wavuvi ili watu watatu wakaone makanisa makubwa. Hoja zote mbili nimezisikiliza, wala sina nia ya kuziamua hapa. Hiyo ni kazi ya baraza. Ninaloona limekosekana katika mazungumzo yetu ni historia. Tunapanga safari hii kama watu wanaokwenda ugenini kabisa, kana kwamba mji ule haukutujua kamwe, wala sisi hatukuujua. Kumbe kati ya Roma na ufuko huu wa Tanganyika iko njia ya zamani, iliyopitwa na watu wenye majina, na mwisho wa njia hiyo uko kwetu, Fizi.

Kwanza niseme machache juu ya Jubilei yenyewe. Papa Bonifasi VIII ndiye aliyeianzisha mwaka 1300. Wenyeji wa Roma walitakiwa kuzuru basilika za Mtume Petro na Mtume Paulo siku 30, na wageni siku 15, maana ilifahamika kwamba mgeni amekwisha kulipa sehemu ya toba yake kwa miguu barabarani. Baadaye desturi ikawa kila baada ya miaka 25. Kwa Jubilei ya mwaka 2025 Mlango Mtakatifu wa Mtakatifu Petro ulipangwa kufunguliwa tarehe 24 Desemba 2024, wa Laterano tarehe 29 Desemba, wa Bikira Maria Mkuu tarehe 1 Januari 2025, na wa Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta tarehe 5 Januari. Jubilei ilipangwa kufungwa tarehe 6 Januari 2026.

Kuhusu njia ya kufika huko, kila mmoja wetu anajua ugumu wake. Uwanja wa ndege ulio karibu nasi uko Bujumbura, mwendo mfupi tu baada ya kuvuka mpaka wa Kavimvira. Lakini viza haitolewi Bujumbura kwa ajili yetu wala haitolewi Uvira. Hutolewa Kinshasa, na Kinshasa hatuifikii ila kwa ndege. Basi mwenye kupanga na aanze na pasipoti na viza, asianze na valizi. Mengine ya safari yataelezwa na wanaoyajua kuliko mimi.

Niingie Roma sasa. Mjumbe wetu akifika katika Basilika ya Bikira Maria Mkuu, asitosheke na kuinua macho kwenye dari la dhahabu. Na aulize liko wapi sanamu la Antonio Manuel Nsaku ne Vunda. Huyu alikuwa mtu wa Kongo, balozi wa mfalme wa Kongo kwa Papa. Aliondoka kwao mwaka 1604, akapitia Brazili, Ureno na Hispania, akapoteza wenzake wengi njiani, na kuingia Roma mwanzoni mwa Januari 1608 akiwa mgonjwa sana. Papa Paulo V alikwenda kumtazama kitandani. Alikufa usiku wa kuamkia sikukuu ya Epifania, siku ambayo mji mzima ulikuwa umejiandaa kumpokea kwa maandamano. Akazikwa katika basilika ile, na sura yake ikachongwa katika jiwe jeusi. Miaka minne ya safari, siku chache za Roma, kisha kaburi. Ninapowasikia wenzetu wakilalamika juu ya wiki tatu za kungojea viza, humkumbuka mzee huyu.

Kongo ya Nsaku ne Vunda, lakini, ilikuwa upande wa Atlantiki, mbali na huku kwetu. Njia iliyotufikia sisi ilianzia kwenye lango lingine la Roma, ambalo mahujaji wengi hulipita bila kugeuza shingo. Jina lake Porta Pia. Lilichorwa na Michelangelo kwa amri ya Papa Pio IV, na barabara inayolielekea leo huitwa Via Venti Settembre, yaani Njia ya Tarehe 20 Septemba. Siku hiyo ya mwaka 1870 majeshi ya mfalme wa Italia yalipiga ukuta kwa mizinga karibu na lango hilo mpaka ukabomoka. Mji ukatekwa, na utawala wa Mapapa juu ya nchi yao ukaisha. Papa Pio IX alikuwa ameagiza askari wake wapigane kwa muda mfupi tu, kuonyesha kwamba ananyang'anywa kwa nguvu, kisha wapandishe bendera nyeupe ukuta ukipasuka. Wakatii. Jambo hili naomba tulihifadhi, maana tutalirudia: mtu wa kwanza kuamuru bunduki za Papa zinyamaze alikuwa Papa mwenyewe.

Miongoni mwa waliomtumikia Papa kwa silaha katika miaka hiyo ya mwisho alikuwamo kijana wa Ufaransa, Ludovic Joubert, aliyezaliwa tarehe 22 Februari 1842 huko Saint-Herblon. Alijiunga mwaka 1860, akiwa na miaka 18, akajeruhiwa mwaka huohuo katika vita vya Castelfidardo. Akaendelea katika kikosi cha Wazuavu, watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi za Ulaya, akapanda cheo hadi kuwa kapiteni. Roma ilipoanguka kikosi kikavunjwa. Kapiteni Joubert akawa mtu wa miaka 28 asiye na kazi wala bwana wa kumtumikia.

Aliyempa bwana mpya alikuwa Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algeri, mwanzilishi wa Wamisionari wa Afrika, yaani Mapadri Weupe, mwaka 1868. Msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo katikati ya mwaka 1878 na kufika Ujiji Januari 1879. Lavigerie aliwaza kwamba wamisionari peke yao wasingeweza kuishi penye biashara ya watumwa bila watu wa kuwalinda. Akawatafuta Wazuavu wa zamani. Mwaka 1880 Joubert akaja. Wamisionari walifungua kituo Masanze mwaka huo, na Kibanga mwaka 1883. Mahali hapo pote ni pa ufuko wetu, upande wa Ubwari na Ubembe. Hofu ya Lavigerie haikuwa ya bure: tarehe 4 Mei 1881, ng'ambo ya ziwa, Rumonge, waliuawa mapadri wawili, Deniaud na Augier, pamoja na mlei aliyekuwa msaidizi wao, d'Hoop. Ukisimama Kalundu jioni isiyo na ukungu, unaitazama milima ya upande ule.

Joubert alirudi Ulaya mwaka 1885, kisha akaja tena mwaka 1886, na safari hii hakurudi. Alikaa Mpala, kisha Saint-Louis ya Mrumbi, upande wa Moba. Akawafundisha vijana kutumia bunduki na kujenga ngome. Akapigana na watu wa Rumaliza wa Ujiji, waliokuwa wakichoma vijiji na kufunga watu minyororo. Mwaka 1888 alifunga ndoa na Agnes Atakae, binti wa nchi hii, wakazaa watoto wengi. (Mama zetu wa chama wanajua majina ya watakatifu wanawake wa Ulaya; jina la Agnes Atakae sijalisikia likitajwa, nalo linastahili kutajwa kwa sababu nitakayoieleza.) Joubert alikufa tarehe 27 Mei 1927 bila kuiona Roma tena, na bila kusikia habari za mapatano ya Laterano, ambayo mwaka 1929 yalimaliza ugomvi uliozaliwa Porta Pia.

Je, tumsifu? Wazee wa Mapadri Weupe walimsifu bila kiasi, na iko sababu. Wapo watu waliolala usingizi Mrumbi kwa sababu mzungu yule alikuwa macho. Hata hivyo mwanahistoria hawezi kuishia hapo. Mpala palikuwa kituo cha watu wa mfalme Leopold II kabla ya kukabidhiwa wamisionari mwaka 1885; na mwaka 1884 mkuu wa kituo hicho, Storms, aliwatuma watu wake kumwua chifu Lusinga, kichwa chake kikapelekwa Ubelgiji. Ngome waliyoirithi wamisionari haikuwa na mikono safi. Nao walipokwisha kuirithi wakajikuta wana askari, wana hukumu za kukata, wana kodi na kazi za lazima, wana watumwa waliokombolewa ambao hawakuwa huru kwenda watakako. Lavigerie aliota ufalme wa Kikristu katikati ya Afrika. Ulipata umbo la kiserikali kuliko la kiinjili. Na haukudumu: mwishoni mwa mwaka 1891 alifika Kapiteni Jacques na msafara wa Wabelgiji wa kupinga utumwa, akaanzisha Albertville, Kalemie ya leo. Nyuma yake ikaja Dola ya Leopold na mambo yake tunayoyajua. Bunduki iliyowazuia wafanya biashara ya watu iliwafungulia mlango mabwana wengine.

Tuwe waadilifu pia kwa upande wa pili. Kiswahili hiki ninachokiandika kilitufikia katika misafara ileile iliyobeba pembe na watumwa. Hakuna aliyekuja kwetu akiwa na zawadi tupu, wala hakuna aliyekuja na ubaya mtupu.

Halafu ilikuwapo njia nyingine, ya mtu asiyeshika bunduki, nami kama katekista siwezi kuiruka. Adrian Atiman alizaliwa pande za Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Mapadri Weupe katika Algeria, akasomea udaktari Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema, ng'ambo ya kusini ya ziwa letu. Huko alifundisha katekisimu na kutibu wagonjwa hadi kifo chake mwaka 1956. Hakuwa na ngome. Atakayepata nafasi ya kupitia Malta na aizuru Valletta kwa ajili yake.

Sasa nifike Fizi. Ludovic Joubert na Agnes Atakae walimzaa Mrumbi, tarehe 18 Oktoba 1908, mtoto waliyemwita Albert. Alipata upadri mwaka 1935. Mwaka 1962 Jimbo la Uvira lilianzishwa, na askofu wake wa kwanza akawa Danilo Catarzi, wa shirika la Waxaveri, Waitalia wa Parma. Mwaka 1964 vita vya Mulele vikatufikia. Uvira ilitekwa mwezi Mei. Askofu na wamisionari wakashikwa, wakaachiliwa Oktoba. Huko kusini, Baraka na Fizi, waasi walibaki, na mapadri walibaki na waamini wao.

Hebu tuweke kalenda ya Roma kando ya kalenda ya Fizi. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza Mashahidi wa Uganda kuwa watakatifu, katika Basilika ya Mtakatifu Petro. Siku hiyohiyo Albert Joubert alitimiza miaka 56. Tarehe 21 Novemba Papa alitangaza hati ya Mtaguso, Lumen Gentium, ambayo ndani yake Kanisa lilisema wazi juu ya wito wa walei na wito wa wote kuwa watakatifu. Tarehe 24 Novemba askari wa miavuli wa Ubelgiji walishuka Stanleyville, na hasira ya waasi dhidi ya wazungu na watu wa Kanisa ikawaka kila mahali. Tarehe 28 Novemba, siku saba tu baada ya Lumen Gentium, mkuu mmoja wa waasi alifika Baraka kwa gari. Akamwamuru Bruda Vittorio Faccin, mwenye miaka 30, apande. Bruda akakataa, akapigwa risasi. Padri Luigi Carrara, mwenye miaka 31, alikuwa kanisani akiungamisha, akatoka. Naye akaambiwa apande. Akaona afadhali afe pale alipolala ndugu yake, akapiga magoti kando ya maiti, akauawa. Gari likapanda milima. Usiku, Fizi, Padri Giovanni Didoné, mwenye miaka 34, alifungua mlango uliobishwa, na Padri Albert Joubert alikuwa pamoja naye. Wote wawili wakapigwa risasi.

Siku tatu baadaye, Isiro, aliuawa Sista Anuarite, ambaye Kongo nzima inamjua. Wa kwetu walikaa kimya miaka 60. Tarehe 18 Agosti 2024, hapa Uvira, mbele ya umati ambao wengi wenu mlikuwamo, Kardinali Fridolin Ambongo alisoma kwa jina la Papa kwamba hao wanne ni wenye heri. Nimeona vijana wakilia ambao hata wazazi wao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1964. Agnes Atakae ni mama wa mwenye heri. Hiyo ndiyo sababu niliyoahidi kuieleza.

Hapo ndipo swali linalonisumbua, na ambalo wajumbe wetu wanapaswa kwenda nalo Roma, linapozaliwa. Baba alimlinda Papa kwa bunduki, akawalinda watu wa Mrumbi kwa bunduki, akafa mzee kitandani mwake. Mwana hakuwa na bunduki, akafa mlangoni. Kanisa limemweka nani altareni? Vijana wa jimbo hili wanalijua swali hilo kuliko maprofesa. Wengi wameshika silaha milimani na katika bonde la Ruzizi, wakisema wanalinda vijiji vyao, na si wote wanaosema uongo. Baadhi yao wamebatizwa mikononi mwetu, tumewafundisha wenyewe. Mmoja aliposikia habari ya Kapiteni Joubert aliniambia, "Basi, Mwalimu, hata ninyi mlikuwa na wapiganaji wenu." Sikuwa na haki ya kukana.

Jibu langu ni hili, na wenye elimu kubwa watalirekebisha. Kanisa halijasema kwamba Kapiteni alikuwa mtu mbaya, wala halifundishi kwamba mwenye nyumba amfungulie mwizi. Lakini ushahidi wa imani limeuona kwa mwana. Kumlinda mtu kwa silaha kunaweza kuwa wajibu, lakini wajibu huo haujapata kuwa Injili, na anayeushika huku akiuita Injili ataishia kutoza kodi barabarani. Ngome ya Mpala ilianza kwa kuwalinda watumwa, ikaishia kuwatawala. Yeyote anayepita vizuizi vya barabara yetu, na kulipa kwa kila kamba, anajua kwamba historia hiyo haijazeeka. Papa Pio IX alitambua saa ya kupandisha bendera nyeupe; huo nao ni uongozi, na ni adimu kuliko ushujaa.

Kwa hiyo, ikiwa baraza litaamua wajumbe waende, ninapendekeza wasimalize siku zao zote katika basilika nne. Baada ya Mtakatifu Petro, waende Porta Pia. Hakuna mengi ya kuona: ukuta, nguzo yenye sanamu la Ushindi, magari mengi. Lakini hapo ndipo kazi ya kwanza ya Ludovic Joubert ilipokufa, na safari ya kuja kwetu ikaanza kuwezekana. Kisha waende kisiwani katikati ya mto Tiberi, katika Basilika ya Mtakatifu Bartolomeo, iliyowekwa kwa kumbukumbu ya mashahidi wapya wa karne ya 20 na ya 21. Moja ya madhabahu zake ni ya mashahidi wa Afrika. Wasali hapo kwa majina manne, wayatamke kwa sauti, hata kama wageni wengine watawatazama. Na Dominika waende katika kanisa la Kuzaliwa kwa Yezu, karibu na Piazza Navona, ambako Wakongo wa Roma hukutana. Ni jumuiya ileile ambayo Papa Fransisko aliiadhimishia Misa kwa riti yetu ya Kongo ndani ya Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019. Huko watapata wali na maharagwe, na watu wa kuwaonyesha basi la kupanda.

Wale watakaobaki, ambao ndio karibu sisi sote, hawakuachwa nje ya Jubilei. Papa Fransisko aliagiza kila askofu aifungue katika kanisa kuu la jimbo lake Dominika ya tarehe 29 Desemba 2024. Nasi tunayo njia yetu ya hija: barabara ya taifa namba 5, kupitia Makobola, ambako hakuna asiyekumbuka mwisho wa mwaka 1998, kupitia Swima na Mboko hadi Baraka, kilomita karibu 100, kisha kupanda Fizi. Mabonifasi wa leo wangetupunguzia siku za toba kwa ajili ya mashimo ya barabara hiyo peke yake. Usalama ukiruhusu, na paroko akikubali, ninaomba kundi la kwanza liende Baraka mwaka 2024, kwa Misa ya tarehe 28 Novemba, inayotimiza miaka 60 kamili. Wenye kutaka majina ya marehemu wao, hasa waliouawa katika vita vyote vilivyofuata, yasomwe huko na baadaye yapelekwe Roma, wamkabidhi katibu karatasi yao kabla ya Dominika ya Kristu Mfalme, tarehe 24 Novemba. Jina la marehemu liandikwe kamili, pamoja na kijiji alichotoka.